Mstari Uliopita Kusini mwa Marand

Kanali Eynollah Marandi alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti kubwa, na kicheko hicho ndicho kilichonifanya nimpende kabla sijajua lolote juu yake. Tulikutana Tehran, katika ofisi ya mipango ya jeshi, muda mfupi baada ya nchi yetu kujiunga na ule mkataba uliotiwa saini Baghdad. Mimi nilikuwa kapteni mkalimani, nimetumwa pale kwa sababu nilijua Kiingereza. Alinipima kwa macho kuanzia kofia mpaka viatu.

"Wa wapi wewe?"

"Shiraz, afande." Watu wa kwetu husemwa kwa uvivu.

"Basi tumekwisha! Vita vikianza asubuhi, mkalimani wetu atakuwa bado amelala."

"Vikianza asubuhi, afande, hata adui atasubiri kwanza anywe chai."

Akacheka hadi karani wa chumba cha pili akachungulia. Tangu siku ile akawa ananiita Mshirazi, hata mbele ya majenerali, na mimi nikawa namwita Kanali tu, hata tulipokuwa wawili peke yetu.

Kwao ni Marand, mji mdogo kaskazini ya Tabriz, kwenye barabara inayoteremka kwenda mto Aras. Ng'ambo ya mto ni Warusi. Mama yake, Bibi Tuba, alirithi kwa baba yake bustani ya milozi na mizabibu iliyozungushiwa ukuta wa udongo, na kaka yake mkubwa, Ghodrat, ndiye aliyeitunza. Baba alikufa Eynollah akiwa bado mdogo. Ghodrat aliacha shule akashika jembe ili mdogo wake asome. Kanali hakulisahau hilo hata siku moja, na Ghodrat naye hakumpa nafasi ya kulisahau.

Ili uelewe yaliyompata, lazima nirudi nyuma kidogo. Vita vikuu vya pili vilipokwisha, Eynollah alikuwa luteni katika kambi ya Tabriz. Majira ya baridi ya mwaka ule watu walioungwa mkono na Warusi waliutwaa mkoa mzima, na kambi ikaamriwa iweke silaha chini. Aliniambia, "Tulipanga bunduki ukutani, Mshirazi, kama watu wanaovua viatu mlangoni kwa mwenyeji. Hakuna aliyefyatua hata risasi ya kujitoa aibu." Alirudi Marand kwa miguu kwenye theluji, amevaa koti la msaga unga. Mama yake alimficha ghalani. Walipokuja kumtafuta walimkuta Ghodrat, wakamlaza uani, wakampiga fimbo mpaka akazirai, na hakutamka neno.

Baada ya mwaka mmoja jeshi likarudi, na Eynollah alikuwa katika lori la mbele kabisa. Watu wa Marand walichinja kondoo barabarani. Vikongwe walishika ukingo wa lori wakamuuliza, "Mtatuacha tena?" Naye, kijana mwenye kofia mpya, akapanda juu ya injini akapaza sauti: "Safari hii hatuondoki!" Hakuna mkubwa aliyemtuma aseme hivyo. Lakini watu walimsikia, wakaenda wakatengeneza kuta zilizobomoka, wakapanda miche.

Sasa turudi ofisini. Mkataba wenyewe ulikuwa umeshatiwa saini, bendera zimepepea, mawaziri wamepigwa picha. Nchi kadhaa ziliahidi kusaidiana nchi moja ikivamiwa. Kilichobaki kilikuwa kazi yetu sisi wanajeshi, yaani kuyageuza maneno yale yawe vikosi, barabara, petroli na mizinga. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Waziri akisema "tutasaidia" anapigiwa makofi. Mwanajeshi akisema "tutasaidia" anaulizwa mara moja: kwa askari gani, watafika lini, watapita wapi?

Kamati ilikutana katika jumba moja la zamani lenye mapazia mazito. Wajumbe walikuwapo wa kila nchi mwanachama, na Mmarekani mmoja, Kanali Whitlock, aliyekaa kama mtazamaji kwa kuwa serikali yake ilikuwa haijajiunga rasmi. Rasimu ya mpango ilipoletwa, nilikaa nyuma ya Eynollah nikimnong'oneza tafsiri, na nikamwona shingo ikibadilika rangi. Mstari wa ulinzi ulikuwa umechorwa kwenye milima ya magharibi, kwenye vipito vya Zagros. Vya kulindwa kwa nguvu zote vilikuwa nyuma ya mstari ule. Tabriz ilikuwa mbele yake. Marand ilikuwa mbele zaidi, peke yake huko juu. Hata Tehran yenyewe ilikuwa nje, pamoja na viti tulivyokalia.

Eynollah aliinuka. Alizungumza kwa utulivu, akionyesha kwa fimbo vipito vya kaskazini ambavyo askari wachache wanaweza kumzuia adui mkubwa. Akasema mstari usogezwe mbele. Mwingereza aliyekuwa akiongoza kikao akamjibu kwamba jambo hilo lingehitaji divisheni kadhaa za kutoka nje, na macho yote yakamgeukia Whitlock.

Whitlock alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa kama ya mkulima. Alivua miwani.

"Mwambie Kanali," aliniambia, "kwamba wakuu wangu wa majeshi hawatataja kikosi hata kimoja. Hawajakubali, na sidhani kama watakubali. Wakitaja leo, kesho watadaiwa. Wana dunia nzima ya kulinda, hawataki mikono yao ifungwe na ramani hii. Tangu mwanzo waliupinga mpango wowote wa aina hii."

Nikatafsiri. Eynollah akasema, "Muulize, yeye binafsi anaonaje?"

Whitlock alirudisha miwani usoni. "Ningekuwa mahali pao ningekataa vilevile. Mwanajeshi hapaswi kuahidi askari asio nao."

Nilidhani Eynollah atawaka. Badala yake alicheka kicheko kifupi, kisicho chake. "Mwambie na mimi ningesema hivyohivyo. Kwanza yeye ndiye mtu pekee humu ndani aliyesema kweli leo. Ndiyo maana inaniuma."

Siku chache baadaye alipewa kazi. Kwa kuwa anaijua Marand kama kiganja chake, aandae mpango wa vitu vya kulipuliwa jeshi likirudi nyuma: daraja, karakana ya reli, visima, kinu cha unga. Kinu chenyewe kilikuwa cha yule bwana aliyemwazima koti.

Kazi aliifanya, kwa kuwa ilikuwa amri. Lakini pamoja na kazi hiyo akaandika pingamizi la ukurasa mmoja liambatishwe kwenye ripoti ya upande wetu, isemwe wazi kwamba mpango huu unawaacha wenyeji wa kaskazini bila kuwauliza, na kwamba ahadi isiyo na askari nyuma yake ni heri isitolewe.

Jenerali Saremi, mkuu wetu, alituita wote wawili, mimi nikiwa na pingamizi na tafsiri yake mkononi. Alikuwa mzee mpole, mwenye kisukari, na alimpenda Eynollah kweli.

"Kaa, mwanangu. Chai hiyo. Unataka mawaziri wafike mezani wakute jeshi letu linabishana lenyewe kwa lenyewe?"

"Nataka wakute mambo yalivyo, afande."

"Yalivyo wanayajua. Unadhani Shah hajui ramani? Sikiliza. Mkataba huu unatuletea vifaru, redio, shule ya marubani. Hiyo karatasi yako itatuletea nini?"

"Itabaki imeandikwa kwamba mtu mmoja alikataa."

"Na huyo mtu atakula nini? Maandishi?" Jenerali akajifuta jasho. "Eynollah. Nipe ripoti isiyo na doa, nami nitaomba vikosi viwili vya milimani vipelekwe kaskazini, vya kwetu wenyewe, tusimwombe mgeni. Naapa kwa roho ya mama yangu. Lakini pingamizi likienda juu, hao wakubwa watasema ofisi yangu imejaa watu wa Tabriz wanaolilia mashamba yao, na hutapata hata kikosi cha punda."

Eynollah alinitazama. Haikuwa nafasi yangu kusema. Aliitazama chai ikipoa. Kisha akanyoosha mkono, nikampa karatasi, akaikunja akaitia mfukoni.

"Vikosi viwili," alisema.

"Viwili," alisema Jenerali.

Kwa haki yake, Saremi aliviomba. Nilitafsiri ombi lenyewe kwa ajili ya washauri wa kigeni. Likajibiwa kwamba bajeti ijayo. Bajeti ijayo ilipofika, Saremi alikuwa amehamishwa, na aliyekuja baada yake hakujua habari ya kiapo cha mtu.

Tangu hapo Kanali akawa hacheki. Mkewe, Aghdas, aliniuliza waziwazi, "Shemeji, ana mwanamke?" Nikamwambia, "Laiti ingekuwa mwanamke, Bibi Aghdas."

Nairuzi, mwaka mpya wetu, ilipofika akanichukua twende kwao. Nilikuwa sijaoa, na Shiraz ni mbali. Huko Marand milozi ilikuwa imeanza kutoa maua, na bado kulikuwa na theluji kwenye vivuli vya kuta. Bibi Tuba alinishika mashavu, akanena Kituruki chake ambacho nilikuwa nakielewa nusu. Tulikula nyama ya kondoo na dengu, mkate wa moto, jibini. Ghodrat alikuwa na mabega ya ng'ombe na ulimi wa wembe.

"Huyu ndiye Mshirazi? Mbona yuko macho?"

"Nimepewa dawa, kaka," nikamjibu, naye akanisogezea sahani ya nyama. Nikajua nimekubalika.

Ni baada ya chakula, mezani pamebaki chai na lozi, Eynollah alipolitoa lililokuwa moyoni.

"Kaka, nataka mama auze bustani. Mje Tehran. Au Hamadan, kama Tehran hamwipendi. Upande ule."

Ghodrat aliacha kutafuna. "Upande upi?"

"Upande ule tu. Kusini."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi kama hakuna kitu, tunaenda wapi?"

"Kaka, nakuomba."

"Umeniomba nini? Niliacha shule kwa ajili ya bustani hii. Nililambwa fimbo hapo nje uani kwa ajili yako. Sasa unaniambia uza, nakuuliza kwa nini, unaniambia hakuna kitu! Mimi ni kaka yako au ni kuruta wako?"

Eynollah hangeweza kumweleza. Siri ilikuwa ya nchi kadhaa. Mimi pia nilikuwa naijua, na nilikaa natazama maganda ya lozi. Bibi Tuba ndiye aliyemaliza mabishano. Aliinuka, akaweka kiganja kwenye kichwa cha mwanawe mdogo kama anapima homa.

"Mwanangu akiwa na uso huu," alisema, "mimi siulizi. Ilikuwa hivi siku ile alipokuja na koti la watu."

Bustani ilikuwa yake, basi akauza. Alinunua mfanyabiashara wa Tabriz, kwa bei ya mtu aliyeona muuzaji ana haraka. Ghodrat hakukubali kufuata. Alikodi chumba Tabriz, akapata kazi ya kubeba magunia katika soko la matunda makavu, na akaapa kwamba mdogo wake hatamwona tena machoni.

Ambalo Kanali hakulifikiria ni mtaa. Marand ni mji mdogo. Kanali wa Tehran akihamisha mama yake, watu hawaoni kikongwe anayehama. Wanaona Warusi. "Anajua kitu huyo," walisema. "Ndiye aliyetuambia hawaondoki, sasa anatoa mama yake kimyakimya." Kabla majira ya joto hayajaisha, mtaa ule wa milozi ulikuwa umeuzwa nyumba baada ya nyumba, na mnunuzi alikuwa yuleyule, na kila muuzaji alipata kidogo kuliko mwenzake aliyemtangulia. Wakaenda Tabriz, Tehran, wengine wakawa vibarua wa kufyatua matofali. Baadaye, hofu ilipopoa, yakaanza maneno mengine, kwamba Kanali na yule mfanyabiashara walikula njama.

Bibi Tuba alikaa ghorofa ya pili kwenye nyumba ya mwanawe. Muuza mkate hakuelewa lugha yake, naye hakuelewa ya muuza mkate, kwa hiyo aliacha kutoka. Nilipokwenda kuwatembelea nilimkuta barazani juu, amejifunga shuka, anatazama paa za watu.

"Mshirazi," aliniambia siku moja, "huku maji yanatoka ukutani. Mtu hachoti. Nifanye nini siku nzima?"

"Pumzika, mama."

"Nimepumzika. Nimemaliza."

Alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa na theluji, wakamzika Tehran kati ya watu asiowajua. Eynollah alituma simu Tabriz. Ghodrat hakuja.

Halafu, kiangazi kilichofuata, redio ikatangaza kwamba huko Baghdad jeshi limepindua utawala na mfalme ameuawa. Mkataba ukabaki bila mji ulimotiwa saini. Milima ile ya Zagros ilikuwa sasa na rafiki mgongoni ambaye si rafiki tena. Mpango wetu, pamoja na mstari wake na orodha za vitu vya kulipuliwa, ukafungiwa kwenye kasha la chuma, na wakubwa wakaanza kuchora mwingine. Nilimkuta Kanali amekaa ofisini bila kufungua dirisha.

"Mshirazi, unajua kilichotokea?"

"Nimesikia redio."

"Sizungumzii redio. Hakuna aliyekuja, Mshirazi. Hakuna Mrusi hata mmoja aliyevuka mto. Milozi iko palepale. Mpango ule haukumhamisha mtu yeyote duniani ila mama yangu na majirani zake. Na huo wa kuwahamisha haukuwa mpango wa kamati. Ulikuwa wangu."

Nikamwambia hakuna mtu ambaye angeweza kujua. Akanijibu, "Hilo ni kweli, na halinisaidii."

Haukupita muda watu wa usalama wakaja kuuliza habari za ule mtaa uliouzwa. Je, Kanali alitoa siri? Alijibu kweli tupu: hakumweleza mtu chochote, alimwomba mama yake ahame tu. Hawakumshtaki. Walimstaafisha kwa sababu za afya, mtu aliyekuwa na kifua kama mlango wa ngome.

Miaka kadhaa ilipita kabla hajaniomba nimsindikize Tabriz. Ghodrat alikuwa sasa na kibanda chake mwenyewe sokoni, magunia ya lozi, zabibu kavu na jozi. Alituona tukija, akaendelea kumpimia mteja mpaka akamaliza, akafunga mfuko, akarudisha chenji.

"Mnataka nini?"

"Nimekuja kukueleza," alisema Eynollah. Na pale pale, amesimama kati ya magunia, akamweleza yote: mstari, Mmarekani aliyekataa kuahidi, kinu cha kulipuliwa, karatasi, chai ya Jenerali, vikosi viwili. Ghodrat alisikiliza huku akichambua jozi, nzima huku, mbovu kule. Hakumkatiza.

Mwisho akauliza, "Hiyo karatasi uliiondoa mwenyewe? Hawakukunyang'anya?"

"Mwenyewe."

"Uliogopa?"

"Sikuogopa. Nilidhani nimepata kitu."

Ghodrat akatupa jozi mbovu chini. "Ungepiga kelele kule mezani kwao, Eynollah, wala usingehitaji kuja kuninong'oneza mimi. Wangekufukuza kazi tu. Si wamekufukuza hata hivyo? Ungerudi nyumbani umefukuzwa, tungekupokea, tungekaa wote tukisubiri hao Warusi wako. Wangekuja, wasingekuja, tungekuwa kwetu."

Kanali alisimama mikono imening'inia, mtu mzima, ndevu zimeanza mvi. Wateja wawili walikuwa wamesimama nyuma yetu wakijifanya hawasikii.

"Haya, usisimame kama nguzo," alisema Ghodrat, sauti imekwaruza. "Kama huna pa kwenda, shika gunia hilo upande wa pili."

Akalishika. Mwaka uliofuata aliuza nyumba ya Tehran, yeye na Aghdas wakahamia Tabriz, akawa akishinda kibandani na kaka yake mpaka uzee. Walibishana kila siku juu ya bei. Marand ni mwendo mfupi tu kwa basi kutoka pale, lakini hakwenda. Nilimwuliza mara moja kwa nini asiende hata kuangalia maua. Akasema, "Nikienda nitawaangaliaje watu? Na nisipowaona, kwa kuwa hawapo, nitaangalia nini?"

Alikufa ghafla akiwa amekaa, kikombe cha chai mkononi hakijaanguka. Nilisafiri usiku na mchana kutoka Shiraz, nikafika matanga yakiendelea. Ghodrat alinipokea kizingitini, mabega yale ya ng'ombe yameporomoka. Aliniomba niseme machache juu ya ndugu yake, kwa kuwa nilikuwa naye katika miaka ile ambayo wao hawakuijua. Nikasema nilivyoweza. Nilisema alikataa, kisha akakubali, na kwamba kukubali kule kulimla maisha yake yote. Ndani watu waliitikia na kusoma fatiha. Nje ya mlango walikuwapo wazee kadhaa wa ule mtaa wa Marand, waliokuja kwa basi la asubuhi. Walisimama pale mpaka mwisho, mikono imefumbatwa, bila kuingia na bila kuondoka. Ghodrat aliwapelekea chai. Wengine waliipokea.